Mtani Niliyemkuta Ghalani

Wengine watasema nilipigwa na jua la Kivinje. Haya, waseme. Siku ile nilikuwa nimekula nimeshiba, akili zangu timamu, na nilichokiona nilikiona.

Mimi ni mwalimu wa historia, Mmwera wa Mtama. Nilikuwa natafuta habari za mateka wa vita vya kwanza, vile vya Mjerumani na Mwingereza, waliopakiwa melini huku pwani wasirudi. Usidhani ulikuwa usomi mtupu. Babu wa bibi yangu, Bakari wa Nyangamara, alichukuliwa hivyo hivyo, na kwa kuwa hakuna aliyeletewa habari ya kifo chake, hakuna aliyethubutu kumsomea hitima. Ukoo ulibaki unangoja. Sasa bibi alikuwa kitandani, hali mbaya, na kila nikimpigia simu swali lake moja tu: "Umempata, mjukuu wangu?"

Pale Kivinje wakanionyesha ghala la mawe karibu na ufuko, walimofungiwa mateka wakisubiri meli. Adhuhuri ilikuwa imeshapita, jua linachoma. Nikapiga hodi kwa mazoea tu. Si nikajibiwa "karibu"!

Ndani, kwenye kona yenye giza, alikaa mwanamume amekumbatia magoti. Nikamdhania mlinzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kabila langu. Niliposema Mmwera, akacheka. "Mimi Mngoni." Basi, watani hao! Si unajua mambo yetu na Wangoni? Tunatukanana bila kugombana, na mmoja akifa, mtani wake ndiye anayehangaika na maziko, huku anamdhihaki maiti na kudai ada yake.

"Mbona umekonda hivyo, Mngoni? Au ulishakufa, tukasahau kukuzika?"

"Nilikufa, mtani. Hamkunizika."

"Basi nakuzika leo leo! Sitoki humu mpaka nikuzike."

Niamini, nilikuwa natania. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Nilipousukuma, mikono ikagusa chuma, tena cha moto. Sakafu ikaanza kuyumba. Nikasikia pumzi za watu wengi, harufu ya jasho na matapishi, goti la mtu likanigusa huku, bega la mwingine kule. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nani angenisikia? Nilikuwa ndani ya meli.

"Umeahidi, mtani," akasema, wala hana hasira.

Niliogopa, nisikudanganye. Lakini nikaona sina pa kutokea ila kwa kuifanya kazi niliyojitakia. Nikamwambia, "Maiti haizikwi bure. Ada yangu ni hii: Bakari wa Nyangamara yuko wapi?"

Akajibu: "Bakari alitutangulia kwa homa. Nilimwosha kwa maji yangu ya kunywa, nikamtania huku nalia, wakamtupa baharini. Siku yangu ilipofika, hapakuwa na Mmwera mwingine wa kunizika."

Nililia. Kisha nikamtania kama inavyopasa. "Mwoneni Mngoni huyu! Babu zako walitukimbiza porini, wewe umeshindwa na maji ya chumvi! Lala huko, mvivu, umetuchosha!" Nikavua mtandio wangu, nikamfunika. Ukashuka taratibu mpaka sakafuni, chini yake hamna mtu. Mlango ukafunguka.

Nilikuwa kizingitini niliposikia sauti nyingine gizani: "Na mimi, mtani." Na nyingine: "Na mimi." Nilitoka mbio, viatu nikaviacha.

Hitima ya Bakari tuliisoma Mtama, bibi ameegemezwa mito, analia na kushukuru. Alifariki siku chache baadaye, ametulia kabisa. Yule Mngoni tulimwombea pia, ingawa dini yake siijui, na jina lake sikumuuliza.

Asiyetulia ni mimi. Silali mlango umefungwa. Hata chooni naacha upenyo, wanangu wananicheka. Mlango ukifungwa tu, sakafu inayumba na wanaanza kuniita, Wayao, Wamakonde, Wangindo, wote watani zangu. Nitawazika wangapi mimi?

Kwa hiyo nakuonya, ndugu yangu. Ukimkuta usiyemjua mahali penye giza, msalimie upite. Usimwahidi maziko, hata kwa mzaha. Mimi nilimzika mmoja, na wenzake wote walikuwa wanasikiliza.