Punda Aliyenunuliwa Bila Kutukanwa

Kwetu Kawangware, punda hanunuliwi kimya kimya. Mnunuzi humfungua mdomo, humkagua meno, humwinua mguu mmoja mmoja, kisha humtukana: amezeeka huyu, kiwete huyu, wa ngozi tu huyu. Muuzaji naye huapa kwamba Nairobi nzima hakuna punda kama wake. Kelele zikiisha, mnakunywa chai. Asiyemtukana punda wako amekudharau wewe.

Januari ile baada ya uchaguzi, nilipoambiwa mtaa si wangu tena, nilimpelekea punda wangu jirani niliyekuwa nikiuza maji pamoja naye miaka yote. Watu wa kabila lake walikuwa wanabaki; sisi tulikuwa tunafukuzwa. Nikataja bei ya juu kabisa, ile ya kuanzia mabishano. Akatoa pesa zote, hakubisha hata kidogo.

“Hata meno huangalii?” nikamuuliza.

“Mzee, wewe peleka watoto salama,” akasema, macho chini.

Nilipandwa na hasira ambayo hadi leo ikinirudia uso unanichoma. Nilimkamata punda taya, nikampanua mdomo mbele ya watu. “Angalia! Jino hili limeoza! Na huu mguu wa nyuma anachechemea! Si useme kitu!”

Jirani akageuza uso, kama mtu aliyemkuta babake uchi. Pesa zake nilikuwa nimeshazitia mfukoni. Punda alikuwa ametulia tu, mdomo wazi, akingoja matusi yake.