Nailoni Juu ya Injini

Mtu asikudanganye kwamba woga huisha ukiuzoea. Wa kwangu ulizidi kila siku. Nilikuwa na mimba ya pili, na nilikuwa nikiogopa vitu viwili: kovu lililokuwa tumboni mwangu na gari la mume wangu.

Kovu lilitoka kwa mtoto wa kwanza, aliyezaliwa kwa upasuaji. Daktari mjini Kericho aliniambia bila kuzunguka, "Mama, uchungu ukianza usikae nyumbani hata kidogo. Hili kovu linaweza kufumuka, na likifumuka ukiwa huko mbali, sina la kukuahidi."  Kwetu ni huko juu Ainamoi, barabara ya murram isiyo na lami, na mvua ya alasiri haikosi. Ikinyesha, hakuna matatu inayopanda. Tulilobaki nalo ni hilo gari.

Na gari lenyewe, weh! Lilikuwa kuukuu, la mtumba kutoka Japani, lenye injini inayoongozwa na kompyuta, wakati mafundi wengi wa huku walikuwa bado watu wa karabureta. Lingetembea vizuri wiki nzima, halafu siku moja, bila hata kukohoa, likazima. Mara ya kwanza tulikuwa tunapanda mlima katikati ya majani chai, trekta la kubeba majani likitufuata. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, gari likaanza kurudi nyuma. Nilipiga kelele mpaka mwenye trekta akasikia na kusimama. Mume wangu akavuta breki ya mkono, akashuka, akafungua boneti, akafungua nailoni, akapangusa, akarudi, akapiga stata. Likawaka kana kwamba halikufanya kitu.

Hiyo nailoni niieleze. Huku kwetu siku hizo kila gari lilivaa nailoni. Maji yakiingia kwenye distribyuta, kile kikombe kinachogawia plagi moto, husongi. Kwa hiyo kila mwenye gari alikifunika kwa karatasi ya nailoni na kuikaza kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Hakuna aliyefundishwa. Ulinunua gari, ukatafuta nailoni. Mume wangu, mtu mwangalifu, aliikaza mara mbili, na kila gari lilipozima aliikaza zaidi.

"Tahadhari kabla ya hatari," aliniambia.

"Hatari tushaipanda," nikamjibu.

Tukalipeleka kwa fundi pale Kapsoit, mtu mpole mwenye kofia ya sufu. Mume wangu alipomaliza maelezo yake, yaani "inazima tu," fundi akanigeukia mimi.

"Sema yote, madam. Mficha uchi hazai." Halafu macho yake yakafika kwenye tumbo langu, akainama kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi. Nilicheka mpaka nikashikilia gari. Sikumbuki kucheka tena mwezi ule.

Aliniuliza kama ule mshale wa mizunguko ya injini unashuka polepole ama mara moja. Nilijua. Kila safari macho yangu yalikuwa kwenye ule mshale, sikuwa naona chai wala mawingu. "Mara moja," nikamwambia. "Unaanguka chini hata kabla gari halijasimama."

"Basi si petroli. Petroli ingekohoa kwanza. Hapa kuna waya inakatika."

Akatueleza kwamba ndani ya distribyuta kuna sensa ndogo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Waya zake ni nyembamba. Moja ikikatika hata kidogo tu, kompyuta inadhani injini imesimama, inafunga kila kitu. Akafungua nailoni, akaiweka kando, akawasha injini. Akashika waya moja moja, akazitikisa, akazikunja. Injini ikaendelea kunguruma kwa raha zake. Akalipandisha mlima na kulirudisha, nailoni bado iko pale chini kando ya miguu yangu. Hakuna kitu.

"Huyu mgonjwa akiniona anapona," alisema, akitikisa kichwa. "Kitu kisipoharibika mbele yangu siwezi kukitengeneza. Mniletee ikiwa imekufa."

"Ikiwa imekufa na mimi nikiwa ndani?"

Fundi akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshajikusanya, kwa hiyo aliichukua nailoni, akaipangusa na suruali yake, akaifunga tena vizuri, akakaza ukanda. Gari lilituzimia mara mbili kabla ya kufika nyumbani.

Tulipanga niende nikakae kwa dada yangu mjini wiki mbili kabla ya siku zangu za kujifungua. Uchungu haukungoja mipango yetu. Ulinikuta nikisonga ugali wa mchana, mwiko ukaniponyoka. Mama mkwe akamchukua mtoto wetu mkubwa, akaanza kuomba kwa sauti, na ile sauti yake ikanitisha kuliko maumivu yenyewe. Tulipotoka kwa lango, tone la kwanza likaanguka kwenye kioo.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kusema. Mkono mmoja nilikuwa nimeubana juu ya kovu, kana kwamba ningeweza kulishikilia lisifumuke, na macho kwenye mshale. Tulipita bonde la kwanza. Tulipofika katikati ya mlima wa pili, mshale ukaanguka.

Mume wangu akaruka nje, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti na nailoni. Mvua ilikuwa inammwagikia mgongoni. Nikajikokota mpaka kiti cha dereva, kwa sababu yeye hangeweza kuwa huku na huku.

"Washa!" akaita.

Likawaka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kupitia upenyo wa chini ya boneti niliona mikono yake ikiirudisha nailoni, ikivuta ule ukanda kwa nguvu zake zote, na mvua yote ile ikishuka. Gari likazima.

Hakuna aliyegusa ufunguo. Wala gari halikuwa likipanda mlima.

"Fungua!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Hiyo nailoni! Fungua!"

Akafungua. Nikapiga stata, likawaka. Akainyoosha nailoni aifunge tena, na aliposhika ukanda akauvuta, mshale ukaanguka mbele ya macho yangu. Hapo nikakumbuka Kapsoit, ile nailoni kando ya miguu yangu, na gari likipanda mlima kama mbuzi.

"Baba, usiifunge! Ndiyo inatuua!"

"Maji yataingia, mama! Tutakwama hapa kabisa!"

"Wacha yaingie! Nimesema usiifunge!" Sijawahi kumpigia mume wangu kelele namna ile, mbele ya watu wala peke yetu. Uchungu mwingine ukanishika, nikauma mshipi wa kiti.

Alisimama mvuani akiitazama ile nailoni mkononi. Naelewa sasa alichokuwa anaogopa. Mimi nilikuwa namwomba avue kitu pekee alichoamini. Kisha akaitupa kwenye majani chai, akabamiza boneti, akanisukuma taratibu nirudi upande wangu. Tukashika njia ya mjini. Kila dimbwi lililorusha maji chini ya gari, nilifumba macho nikingoja kimya cha injini. Hakikuja.

Mtoto alitolewa jioni ile ile, kwa upasuaji tena, msichana, akiwa na hasira kama mamake. Daktari alikuja baadaye kitandani. Alisema kovu lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi, na kwamba hajui lingestahimili kwa muda gani zaidi. Alisema hivyo kwa upole tu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mume wangu aliniletea kipande cha waya kutoka kwa fundi. Nje kilikuwa kizima, bila hata mkwaruzo. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika pale ukanda ulipokuwa ukivuta, zikigusana na kuachana. Alitaka nikishike nione. Nikamwambia akitoe kitandani mwangu.

Siku ya kwenda nyumbani mvua ilikuja saa yake ile ile. Nilikuwa mlangoni nimemkumbatia mtoto kwenye shali, na gari liko ng'ambo ya uwanja, waya mpya ndani yake. Mume wangu akatia mkono mfukoni, akatoa nailoni mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya mtoto," akasema. "Asilowe."

Akaikunjua, akaishika juu ya kichwa cha mtoto kwa mikono miwili, tukaanza kutembea, yeye kinyumenyume, mvua ikimwingia kwenye kola. 

"Ishike hivyo hivyo," nikamwambia. "Usiifunge."