Rupia Tatu za Kuapa Kuwa Huna Kitu

Lerionka wa Olasiti hakuwa mtu wa kusifiwa sana wala wa kulaumiwa sana. Alizaliwa magharibi ya Mlima Meru, akachunga, akatahiriwa pamoja na rika lake, akamwoa Nosim na kulima maharage kando ya mfereji. Kiswahili alikipata njiani, akibeba mizigo kutoka Moshi wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga boma lao Arusha.

Miaka michache baadaye aliona wenzake wakipata rupia kwa biashara ya ngozi, naye akaingia. Alichukua shuka na shanga kwa mkopo katika duka la Mhindi lililokuwa chini ya boma, akazibadilisha kwa ngozi huko malishoni. Masika yakaja kabla ngozi hazijakauka, zikaoza zote. Nosim alisema hata fisi walikuwa wakipita mbali na nyumba yao. Likabaki deni la rupia arobaini, na mwenye duka akapeleka shauri bomani.

Hapo ndipo ilipoanza habari ambayo Lerionka hakuielewa mpaka kufa kwake.

"Huwezi kulipa?" aliuliza karani, mtu wa Tanga aliyevaa kanzu safi.

"Siwezi, bwana karani."

"Basi wewe ni muflisi, yaani mtu asiye na kitu. Uape hivyo mbele ya Bwana Shauri, Mjerumani anayekata mashauri, uandikiwe hati, na askari hawatakugusa. Ada ya hati ni rupia tatu."

Lerionka alifikiri. "Nikiwa na rupia tatu, nitaapaje kwamba sina kitu?"

"Ukishazilipa hutakuwa nazo."

"Na nisipozipata?"

"Jumatatu askari watakuja kuchukua kila chenye kwato."

Kwa Lerionka, kila chenye kwato kilikuwa ng'ombe mmoja tu, Narok, mweusi kama jina lake linavyosema, na mtamba wake aliyekwisha kuanza kula majani. Maziwa ya Narok ndiyo yaliyomlea mtoto wao, Lesikar, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Narok alitoka kwa Koikai, rafiki wa Lerionka tangu ujana. Kwa desturi yao, mtu akikupa ng'ombe, hamwitani tena kwa majina. Kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng, na watu wote wanajua kwamba kati yenu amepita ng'ombe. Ng'ombe huyo huwezi kumuuza bila kumwambia aliyekupa. Ni wako, na si wako peke yako.

Zilibaki siku tano. Lerionka alienda kwanza kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Tengeru. Huko aliambiwa kwamba kazi ipo, ila mshahara hutolewa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kikishajaa siku thelathini. Akarudi mjini, akawaza nani mwingine mwenye rupia, akaingia dukani kwa yule yule Mhindi.

"Nikopeshe rupia tatu," alisema.

"Za nini?"

"Za kulipia hati ya kwamba siwezi kukulipa."

Mwenye duka aliweka chini mkasi wa kukatia vitambaa. "Nikukopeshe ili ukaape kwamba hutanilipa?"

"Hizo tatu nitakulipa."

"Toka, Lerionka. Toka kabla sijacheka, maana nikicheka nitakupa."

Lerionka alisimama mlangoni akingoja acheke. Hakucheka.

Jumamosi Nosim alivua nyaya za shaba mikononi mwake, akazipeleka sokoni. Alirudi nazo, kwa kuwa alikuwa amepewa bei ya chumvi. "Baba Lesikar," alisema, "nenda kwa Koikai. Unaona haya ya nini? Mkono uliopokea ng'ombe utashindwa kuomba mbuzi?"

Koikai hakuuliza maswali. Alimkamata beberu wake mkubwa, wakamuuza sokoni kwa rupia tatu kamili, na alfajiri ya Jumatatu wakaenda bomani pamoja. Njiani Koikai aliimba. Alifurahi kuwa wa msaada, ingawa hakujua ni msaada wa nini.

Karani alizipokea rupia, akazigonga mezani kusikiliza mlio wake, akafungua daftari. "Umezipata wapi?"

"Nimepewa na huyu Pakiteng wangu."

Kalamu ilisimama. Karani alikuwa amekaa Arusha miaka mitatu. "Pakiteng? Basi kuna ng'ombe. Nani alimpa nani?"

"Mimi nilimpa!" Koikai alisema kwa fahari. "Mweusi, pembe zake zimeinama hivi. Muulize mtu yeyote Olasiti."

Karani alimtazama Lerionka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Sikiliza. Labda alikuazima tu, ukamue. Ukisema alikuazima, si mali yako, na hati naiandika sasa hivi. Alikupa au alikuazima?"

Lerionka alimgeukia Koikai, aliyekuwa bado anatabasamu. Kusema "aliniazima" ni kusema kwamba kati yao hapajapita kitu, tena mbele ya mwenyewe aliyetoka kumuuza beberu wake.

"Alinipa," alisema.

"Basi una mali. Wewe si muflisi."

"Na rupia tatu?"

"Hizo ni ada ya kuulizwa."

Askari alifika mchana huo na karatasi mkononi. Akaisoma kwa sauti uani: ng'ombe mmoja mweusi, jike. Akamfunga Narok kamba, akaondoka naye. Koikai alisimama langoni, kichwa chini, akiuliza kama amekosea kusema kweli.

Ng'ombe alipofika kwenye mfereji, mtamba akalia. Lerionka alishtuka. Akaanza kukimbia.

"Askari! Umesahau—"

Nosim aliishika shuka yake, akaivuta kwa nguvu hata ikamtoka begani. "Nyamaza!"

"Lakini karani alisema kila chenye kwato!"

"Karatasi imetaja mmoja. Mtamba huyu atazaa, na Lesikar atakunywa. Kaa kimya, Baba Lesikar."

Lerionka aliokota shuka yake, akamtazama mtamba, kisha akamtazama Koikai.

"Pakiteng," alisema, "huyu sasa ni wa nani?"

Koikai alitazama njia ya bomani. "Kamuulize karani," alisema.

"Nitamuuliza. Lakini atataka rupia tatu."