Waridi, mvunja kuta asiyeamini ukuta wowote

Saa moja na nusu asubuhi, Waridi ameshauzunguka ukuta mara tano katika nyumba hii ya mtaa wa Kinindo. Anaugonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anasogea hatua moja, anagonga tena. Vibarua wake watatu wamesimama na nyundo mikononi.

Mwenye nyumba, Léocadie, subira imemwishia. Anataka ukuta unaotenga sebule na jiko uondoke leo. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa binti yake, Danielle, naye anataka wageni sitini wakae chumba kimoja.

"Waridi, unangoja nini? Ni ukuta mudogo tu."

"Madame, mi sijajua bado kama ni mudogo. Unipe saa moja nifungue plafond, nione juu ya dari."

"Plafond? Nilikuita kuvunja ukuta, sikukuita kuniharibia plafond! Kuko mwingine alisema anamaliza leo leo."

"Basi umuite. Mi siupigi kama sijaona kitu chenye kiko juu yake."

Si maneno mepesi kwa mtu ambaye wiki tatu zinaweza kupita bila simu moja ya kazi. Waridi, mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Buyenzi, amevunja kuta, vigae na mabafu ya watu kwa miaka kumi na mmoja. Alianza kwa kubeba vifusi nyuma ya mumewe, Seifu, aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha kubomoa.

Miaka minne iliyopita, huko Nyakabiga, mwenye duka mmoja alimhakikishia Seifu kwamba ukuta haubebi kitu. Ulikuwa unabeba. Boriti ilishuka ikamvunja nyonga. Siku hizi Seifu anatembea kwa magongo, na anayepokea simu za wateja ni mkewe.

"Tangu siku ile sina utulivu," anasema Waridi, akiwa ameshaanza kuzunguka tena. "Hata nikienda kusalimia mutu, macho inapanda kwa plafond. Watoto wananicheka. Seifu yeye hacheki."

Léocadie anampigia yule fundi mwingine. Simu haipokelewi. Anapiga tena, anatoka uani, anarudi, anatazama saa. Mwishowe anapunga mkono: fungua, lakini haraka.

Waridi anapanda ngazi, anang'oa mbao mbili za dari na kuingiza tochi.

"Madame, kuja uone wewe mwenyewe."

Léocadie anavua viatu, anapanda. Mwanga wa tochi unaonyesha boriti iliyoegemea ukuta ule, na ncha yake ina ufa unaoweza kumeza kidole. Juu ya boriti hiyo limekaa tangi la maji la lita elfu moja, ambalo yeye mwenyewe aliliweka mwaka jana kwa sababu ya mabomba kukauka.

Upande wa pili wa ukuta, Danielle anachemsha chai.

"Danielle, toka mu jiko!" anapiga kelele mama yake kutoka juu. "Acha chai! Toka!"

Hakuna nyundo iliyopigwa siku hiyo. Vibarua walimwaga maji ya tangi, wakasimamisha nguzo kumi na nne za mikaratusi chini ya boriti, na Waridi akazitikisa moja moja, kisha akarudia zote. Ukuta utavunjwa wiki ijayo, fundi wa chuma akishaweka boriti mpya. Wakwe watakaa uani, chini ya hema.

"Kazi nimemuachia yeye," anasema Léocadie. "Yule mwingine alinipigia saa sita. Sikumujibu."

Waridi anataka kupata nguzo za chuma, zile za kurefusha na kufupisha, asitegemee tena miti. Ana mpango mwingine unaomsumbua zaidi: Seifu arudi kazini, asishike nyundo, awe wa kukagua kuta kabla kikosi hakijaanza.

"Mara mbili alisema apana," anasimulia, akikung'uta vumbi la dari kwenye mtandio. "Jana nimemuuliza tena, nikamutajia hii nyumba ya Madame. Akasema: kwa mulango wa iyo nyumba kuko ngazi ngapi za kupanda na magongo?"