Diferansieli ya Pampu ya Ziwani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa waya hata mmoja. Nilikuwa nimetoka Butembo kuja Goma na diploma yangu ya umeme, nimevaa viatu vipya na hereni za mama yangu, nikidhani nitapewa ngazi nipande. Shefu wa atelie, karakana yetu ya mtaa wa Mapendo, Papa Muhindo, alinitazama kuanzia juu mpaka chini mbele ya mafundi wote, kisha akanyoosha kiganja.

"Hereni. Saa. Na ile mukufu ya Bikira Maria."

"Hata Bikira Maria, Papa?"

"Ni wa shaba. Courant ya umeme haiulize mutu anasali wapi. Weka ku mufuko."

Mafundi walicheka, mimi nikanuna. Siku nzima akanifundisha kukagua tu. Waya wa mashine unauchomoa kwanza, halafu unaupitisha kati ya vidole polepole, kusikia mahali ulipopasuka. Glavu za mpira unazifunga mdomo, unazijaza hewa na kuzisogeza karibu na shavu. Ikikupulizia, ina tundu, itupwe. Kalamu ya kupimia umeme unaijaribu kwanza mahali unapojua umeme upo, ndipo unaipeleka kwenye waya unaoutilia shaka, halafu unairudisha pale pa kwanza, uhakikishe haikufa katikati ya kazi. Jioni Papa Muhindo aliniambia, "Sasa unaweza kurudi kesho." Nilirudi kesho yake, nikaendelea kurudi mpaka nywele zikawa nyeupe.

Ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii lazima mjue jambo moja kuhusu mji wetu. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mashine yoyote inatakiwa kuwa na waya wa ardhi, yaani waya unaoupa umeme uliotoroka njia ya kushuka chini badala ya kupita katika mwili wa mutu. Mahali pengine unagongelea ufito wa shaba kwenye udongo, umemaliza. Hapa ufito unaingia katikati ya mawe makavu na haushiki kitu. Tulikuwa tunachimba, tunajaza makaa, chumvi na udongo mweusi, tunamwaga maji, ndipo tunapima tena. Ni kazi ya jasho na haionekani. Kwa hiyo wakubwa wengi waliiruka.

Nilikuwa nimeshapandishwa kuwa mkaguzi wa vifaa na mwalimu wa usalama wakati wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda. Aliyeuona mji wakati ule hahitaji nimweleze, na ambaye hakuuona hataamini. Barabara ya kaskazini ilijaa watu mpaka Kibati na kupita. Kolera, yaani kipindupindu, ikaanza kuwaua. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwani, na kampuni yetu ikapewa kazi ya kuyasukuma mpaka kwenye matangi, malori yachote na kupeleka kambini. Nikapelekwa huko pamoja na Papa Muhindo. Juu yetu wote alikuwa Injenia, mkubwa wa kituo, mwanamume wa suruali iliyopigwa pasi vizuri hata katika vumbi lile.

Aliyeshika pampu alikuwa Sebuhoro, mutu wa Rutshuru, mpole, baba wa watoto wadogo, anayekaa Ndosho. Kutwa alisimama majini mpaka magotini akifungua na kufunga bomba. Kwa ajili yake yeye niliomba diferansieli. Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na unaorudi ukipungua hata kidogo, kinakata kabla moyo haujasimama. Kililetwa na ndege pamoja na glavu. Nilikifunga mwenyewe kwenye sanduku la umeme la pampu. Nikawakusanya wafanyakazi, nikabonyeza kitufe cha kujaribia, kikakata. Tak! Sebuhoro akaomba nirudie. Nikarudia.

"Mama Kavira," akaniambia, "sasa bibi yangu atalala."

Siku chache baadaye nilitumwa Kibati kukagua jenereta ya kule. Niliporudi, nilifungua sanduku kama kawaida yangu. Diferansieli haikuwepo. Nyaya zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja, zimezungushiwa utepe mweusi. Nikazima pampu, nikatundika kibao chekundu cha USIWASHE, nikafunga sanduku kwa kufuli langu, nikaenda ofisini.

"Injenia, kifaa cha pampu kiko wapi?"

Hakuona hata aibu. "Kwangu. Madame wangu anaogopa ile mashine ya kupasha maji ya bafu. Ilimurusha kidole."

"Na Sebuhoro?"

"Tutaagiza ingine."

"Basi pampu itangoja hiyo ingine."

Hapo ndipo aliposimama. "Weye Mama, uko na roho ya namna gani? Batu banakufa na kolera, weye unafunga maji juu ya kakitu kadogo? Toka uone malori!"

Nikatoka nikayaona. Yalikuwa yamepanga mstari mpaka barabarani, madereva wanapiga honi. Nawaambia kweli, maneno yale yaliniingia. Wakati ninayahesabu malori, Injenia alituma mutu na nyundo kuvunja kufuli langu. Pampu ikalia tena, malori yakasogea. Papa Muhindo alinivuta pembeni, tukakubaliana asubuhi tuchukue bamba la shaba tulizamishe ziwani, angalau pampu ipate ardhi.

Asubuhi tulipofika na bamba letu, Sebuhoro alikuwa amekwisha kufa. Alishika bomba la chuma, miguu majini, na bomba lilikuwa na umeme. Mwenzake alikimbia kuangusha swichi kubwa, lakini ilikuwa bure. Walikuwa wamemlaza juu ya mawe, kofia yake imewekwa juu ya macho.

Injenia alifika, akatazama, akasema mbele ya wote, "Ajali. Huyu alikuwa amelewa." Sebuhoro alikuwa mutu wa kanisa lisiloruhusu hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Halafu, bila kuteremsha sauti, akaongeza, "Muondoe mwili. Muwashe pampu."

Nikaenda nikasimama mbele ya swichi. Sikuwa shujaa. Dereva mmoja akashuka katika lori, mkubwa wa mwili, anapiga kelele.

"Mama, kule Kibati watoto wanakufa!"

"Na huyu?" nikamuuliza. "Huyu si mutoto wa mutu?"

Akatazama pale chini. Inaonekana hakuwa amemwona. Akavua kofia. Nikamweleza kifaa kilikuwa wapi na kilikwenda wapi. Akaniuliza, "Kwa Injenia ni mbali?" Nikamwambia si mbali. Akasema, "Panda."

Tulikwenda mimi, yeye na Papa Muhindo. Injenia alitufokea kwa nyuma kwamba tumefukuzwa kazi sote, hata dereva ambaye hakuwa wake. Mkewe ndiye aliyetufungulia geti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilimwambia tu, "Madame, kile kifaa cha bafuni kilikuwa cha pampu. Mutu amekufa leo." Akafungua geti zaidi. "Bwana yangu aliniambia kilibaki kwenye stoo, hakina kazi," akasema. Akaleta kiti nipande, akakishika kisiyumbe mpaka nilipomaliza kufungua.

Tukarudi, nikakifunga mahali pake, tukawasha. Tak! Kikakata. Nikawasha tena. Tak! Madereva wakaanza kuguna, na mmoja akasema tuunganishe bila kifaa, maji kwanza. Papa Muhindo akageuka kwa hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Kinawaambia umeme unatoroka! Mnataka kuonyeshwa mara ngapi? Yule pale hatoshi?"

Tukazima, tukaanza kufuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka tukaufikia muungano uliozama majini. Ulikuwa umefungwa na mfuko wa plastiki wa mkate. Mfuko wa mkate! Tukaukata, tukaunganisha upya mahali pakavu, tukazamisha bamba la shaba ziwani na kuliunganisha na pampu. Tukawasha. Safari hii kikashika, na maji yakapanda. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Yaani kazi yote ambayo ingemwokoa Sebuhoro, pamoja na safari ya kwenda na kurudi, ilikuwa ya asubuhi moja. Wakimbizi wasingekosa maji siku nzima. Tulidanganywa kwamba ni lazima tuchague kati yao na yeye.

Kwenye matanga, kule Ndosho, Injenia alipewa kiti cha mbele. Alisimama akatoa pole ya kampuni na kuzungumza tena habari ya uzembe wa mfanyakazi. Mama Furaha, mjane wa Sebuhoro, alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba ni yeye aliyekosa. Hilo sikuweza kulivumilia. Nikasimama bila kuitwa.

"Mama Furaha, inua kichwa. Bwana wako hakulewa, hakukosea kitu. Kifaa cha kumlinda kilitolewa kikapelekwa bafuni. Mimi nilikifunga, na mimi nilikitoa kule bafuni."

"Bafuni kwa nani?" akauliza, taratibu.

Nilimtazama aliyekaa kiti cha mbele, na watu wote wakamtazama. Aliondoka kabla ya chakula.

Mnataka kujua aliadhibiwa vipi? Hakuadhibiwa. Alipandishwa cheo, akahamia Kinshasa. Watu huniambia labda hakujua hatari. Alijua! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mutu asiyejua hawezi kubeba diferansieli kuipeleka bafuni kwake. Alijua kabisa kifaa kile kinaokoa nani, akachagua nani aokolewe.

Mimi niliondolewa kwa utovu wa nidhamu. Hospitali moja ikanichukua kukagua mashine zao, na huko nikabaki vita moja baada ya nyingine. Wakubwa wangu wa huko, Daktari Mkurugenzi wa kwanza na waliomfuata, walinizoea: nikitundika kibao chekundu kwenye mashine, hakiondolewi na mutu mwingine. Niliwafundisha wauguzi, wafuaji nguo na walinzi kujaza glavu hewa na kukagua waya. Papa Muhindo alikuja kunisaidia mpaka uzee ulipomkalisha. Wakati wa risasi tulifundisha, wakati wa utulivu tulifundisha. Na kila mwaka alitokea mkubwa wa kuniambia, "Mama, ni vita, tufunge macho kwanza."

Nimestaafu sasa. Pensheni si habari ya kuandika. Juzi nilipita kwenye atelie ya kuchomelea milango, si mbali na nyumbani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mchomeleaji, mwanamume wa makamo, alikuwa amesimama kwenye maji, waya wake umeunganishwa kwa mfuko wa plastiki. Nikamwambia azime.

"Muzee Mama," akacheka, "na hii vita, tutapata wapi vyombo vya kufaa?"

"Hii waya, ni vita iliifunga?"

Akanitazama bila kuelewa.

"Nakuuliza. Walikuja na bunduki, wakakufungia hii plastiki?"

"Hapana. Ni mimi."

"Basi zima."

Mafundi wenzake walikuwa wameacha kazi, wanatungoja. Aliutazama ule muungano, akatazama maji yaliyomfunika viatu. Kisha akatoka majini, akaenda mpaka ukutani, akashusha swichi.