Darubini ya Hatibu na Nusu ya Sharubu

"Mwezi ukitimiza siku saba, kabla ya magharibi, nitawaonyesha kwa darubini yangu milima iliyoko huko mwezini. Nikishindwa, Petro aninyoe hizi sharubu mbele yenu!"

Hatibu aliyatamka hayo katika saluni ya Petro pale mtaani Mafiga, wateja sita wakisikia na redio imezimwa makusudi.

"Sawa, mstaafu," Petro akasema, akijaribu makali ya wembe.

Sharubu zenyewe hazikuwa za mchezo. Alizianza wiki aliyoajiriwa kiwandani, zikakua pamoja na cheo chake cha fundi wa kung'arisha vyuma. Soko huria lilipofika na meneja mpya akapunguza watu, Hatibu alirudisha ovaroli, buti na kitambulisho. Sharubu hazikuwa kwenye orodha. Zilibaki hizo tu kumwambia mpita njia kwamba huyu alikuwa fundi.

Balaa la darubini lililetwa na karanga. Mkewe, Zuhura, alinunua vitabu vikuukuu kwa kilo ili afungie karanga zake za biashara. Kimojawapo kilieleza namna ya kutengeneza darubini isiyo na lenzi kubwa: kioo kinasuguliwa kibonyee kidogo kama sahani, kinakusanya nuru, kinairusha kwenye kioo kidogo, nacho kinaileta jichoni. Hatibu alikuta kitabu kimeshachanwa. Akaziokota kurasa zote, isipokuwa ukurasa mmoja uliokwishaondoka na karanga za mtu.

"Mmoja tu," alisema. "Nitajazia kwa akili."

"Zako?" Zuhura akauliza.

Miezi saba alilizunguka pipa uani, akisugua kioo juu ya kioo kwa mchanga wa mtoni, kisha kwa ule unga wa mafundi gari wa kusagia valvu, mwisho kwa lami na poda nyekundu. Majirani walimpa Zuhura pole.

"Asanteni," alijibu. "Afadhali mke mwenzangu huyu pipa, haombi chakula."

Kioo kikatoka laini, hata inzi akitua anateleza. Kikabaki kupakwa fedha tu. Akampelekea Eustace, fundi vioo wa mjini, naye akafanya vile anavyofanya kwa kila kioo cha kabati la bibi harusi: fedha mgongoni, na juu yake rangi nyekundu isichubuke. Kazi safi kabisa. Hatibu akamshukuru.

Siku ya ahadi, jua halijazama, nusu mwezi ulikuwa utosini. Hatibu aliisimamisha darubini nje ya saluni, akachungulia, akapangusa jicho, akachungulia tena. Petro akamsogeza.

"Naona maziwa mgando. Twende kwenye kiti, mstaafu."

Alikwenda kwa miguu yake, akaketi. Petro akapaka sabuni, akamaliza upande wa kushoto wote, akafuta wembe kwenye karatasi yenye mafuta. Hatibu akaikodolea macho. Mchoro ule ulikuwa wa kitabu chake.

"Petro, simama! Karatasi hiyo umeitoa wapi?"

"Si ya karanga za mkeo? Acha kuchezesha mdomo, nitakukata."

Hatibu aliinyakua, akaisoma polepole kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili. Fedha hupakwa usoni, upande ule uliosuguliwa, siyo mgongoni. Na kwa kutazama mwezi, hata kioo kitupu, bila fedha, kinatosha.

"Lete wembe!"

Wateja wawili walitoka mbio. Hatibu akachomoa kioo, akakwangua rangi na fedha yote, sabuni ikimdondoka kidevuni, akakirudisha mahali pake. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa hakijakohoa adhana ya magharibi. Petro akainama, akachungulia hadi waliokuwa nyuma wakaanza kumvuta shati.

"Mbona mwezi una ndui?"

"Hayo mashimo. Vivuli vya kando je?"

"Milima," Petro akakiri. "Lakini imesimama kichwa chini."

"Niliahidi milima. Sikuahidi itasimama vipi."

Zuhura alifika na sinia lake la karanga, akachungulia, kisha akamgeukia mumewe na kumtazama usoni kwa muda mrefu zaidi.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Ushindi gani huu wa upande mmoja?"

Hatibu alijishika mdomo. Hakuna mtu ambaye angeweza kukatiza Mafiga hivyo mpaka nyumbani. Akarudi kitini mwenyewe. Petro akatoa wembe mpya.

"Tulia, fundi," akasema, akamalizia wa kulia.

Na kwa kuwa alishinda dau, kunyoa sharubu kulikuwa kwa kulipia: shilingi mia mbili.