Mbuzi Kwenye Picha ya Bei

Saa mbili na dakika kumi asubuhi nilituma kwenye kundi letu la wakulima picha ya ubao wa bei, ule wa mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini. Picha hiyo huituma kila siku. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, niliiwekea maelezo kwa ajili ya shangazi yangu wa kijiji cha Issuna. Shangazi haoni, simu yake humsomea maandishi kwa sauti.

Alikuwa amenilalamikia. "Baba, picha yako ikifika, simu inasema 'picha', halafu inanyamaza kama bibi harusi. Bei nasomewa na mnunuzi."

Mnunuzi kumsomea muuzaji bei: hapo hata mimi niliona tatizo.

Kompyuta nimejifundisha mwenyewe, na sifanyi jambo bila kulisoma kwanza. Niliingia mtandaoni, nikasoma namna ya kuwaelezea picha wasioona. Sharti la kwanza lilisema uanze na kile ambacho picha imewekwa ili kukisema. Nililipita haraka, nikiliona ni la wanaoanza.

Nilianza na salamu, kwa kuwa sikulelewa kumtajia mtu mzima bei kabla ya kumwamkia. Shikamoo, habari za kuamka, za wajukuu, za mifugo, pole na jua. Kisha ubao: mweusi, fremu ya mbao, kona moja imemeguka. Maandishi ya chaki nyeupe. Kulia, kivuli cha mpiga picha. Kushoto, mbuzi wa madoa anayetazama barabarani. Mbuzi nilimpa sentensi mbili. Nikasoma tena, nikaridhika, nikaacha simu kwenye chaji na kwenda kunywa chai.

Wakati huo lori la mnunuzi, Fuso, lilikuwa limeegeshwa uani kwa shangazi. Alikuwa na magunia kumi na matano ya alizeti, na fedha yake ilikuwa ya bati za nyumba na jiko. Mnunuzi alitoa elfu hamsini kwa gunia, akasema hata mjini ni hivyo hivyo. Shangazi akamwambia asubiri, leo yeye mwenyewe ataisikia bei kwenye simu.

Niliporudi nilikuta amenipigia mara kadhaa. Nikapiga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbuzi hajambo?"

Nikajibu hajambo.

"Nimesikia kivuli, nimesikia chaki. Yule wa Fuso akaniuliza, 'Mama, hiyo simu inakuuzia mbuzi?' Kisha akawasha gari aondoke. Nikamwuzia."

"Bei ilikuwepo, shangazi."

"Wapi?"

"Mwishoni."

"Mwisho wa nini? Wa dunia?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu mpangilio wa maelezo. Akasema mpangilio ameuelewa, alichokosa ni bei.

Kesho yake niliandika: "Alizeti elfu sitini gunia, kama jana. Shikamoo." Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Marahaba. Kumbe unaweza."

Nyumba ameiezeka kwa bati. Jiko bado ni la nyasi, na kila nikienda ananikalisha humo. Hesabu niliipiga mara mbili, nikitumaini nimekosea: bei ya mjini, ukiondoa elfu mbili za usafiri kwa kila gunia, ukilinganisha na aliyolipwa. Maelezo yangu ya picha yalimtia shangazi hasara ya shilingi laki moja na elfu ishirini.